Ragtime uiingie kwa mlango gani: karatasi ya nota, roli ya piano au sahani ya santuri?

Ukiingia mtandaoni leo ukaandika Maple Leaf Rag, wimbo wa piano wa Scott Joplin, utaletewa vitu hata mia. Kuna jamaa anaipiga kwa kasi kama anafukuzwa, kuna mwingine anaipiga taratibu mpaka unasikia kila kidole, kuna bendi ya matarumbeta iliyojaa mikwaruzo, kuna video ya piano inayojipiga yenyewe, vitufe vinashuka na kiti hakina mtu, alafu kuna kurasa za nota zilizopigwa picha zimekuwa za njano kwa uzee. Zote jina ni lilelile na zote ni za kale kweli, si za kubuni. Sasa ipi ndo yenyewe?

Swali hili si dogo kama linavoonekana. Kipindi cha ragtime (muziki wa Marekani, hasa wa piano, unaocheza na kuruka biti, na wimbo wake mmoja unaitwa rag), tuseme kuanzia 1897 hadi 1917 hivi, muziki Marekani ulikuwa unauzwa kwa njia tatu: karatasi ya nota, roli ya piano, na sahani ya santuri (pamoja na zile silinda za nta zilizotangulia). Kila njia iliubadilisha wimbo kivyake, na ukianza na njia isiyokufaa unaweza ukakaa miaka unadhani ragtime ni makelele ya kuchangamsha baa tu. Mimi nilianza hivohivo, na sahani, nikaona ni muziki wa haraka haraka usio na mambo mengi ndani, mpaka siku nilipokaa na karatasi mbele ndo nikagundua nilikuwa sijasikia kitu. Kwahiyo nasema mapema niko upande wa karatasi, ila nitaeleza kwanini, na nitasema pia ni nani asiianzie.

Kwanza uelewe biashara yenyewe. Piano wakati ule ilikuwa ndo redio ya nyumbani, yaani familia ikishapata kahela kidogo kitu cha kwanza kuweka sebuleni ni piano ya kusimama, na maduka yalikuwa yanaiuza kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza zaidi ya piano 350,000 kwa mwaka mmoja tu. Piano zote hizo zinataka kitu cha kupigwa, na hapo ndo karatasi za nota zikawa mali. After the Ball ya Charles K. Harris, ya mwaka 1892, iliuza nakala zaidi ya milioni 2, na baada ya hapo kila mtu New York alitaka kufungua kampuni ya kuchapa nyimbo, wengi wakajazana mtaa wa West 28th mpaka mtaa ukabatizwa jina la Tin Pan Alley.

Nyimbo hizo hazikuuzwa kwa matangazo ya gazeti peke yake. Duka la nota au la piano lilikuwa na mtu wa kazi hiyo, anakaa kwenye piano siku nzima, mteja anachukua karatasi rafuni anampa, anapigiwa, akiipenda analipa. James Scott alianza hivo katika mji mdogo wa Carthage, Missouri, kwenye duka la Dumars: aliingia kama kijana wa kufagia na kuosha madirisha, wakagundua anajua piano, wakamkalisha pale awapigie wateja, baadaye duka lenyewe likamchapia nyimbo zake. Huyo ndo huyohuyo aliyekuja kutoa Frog Legs Rag mwaka 1906. George Gershwin naye aliacha shule akiwa na miaka 15, mwaka 1914, akaenda kupiga nyimbo za kampuni ya Remick New York kwa dola 15 kwa wiki. Kwahiyo ukiona karatasi ya nota ya miaka ile usiione kama kitabu cha shule, ilikuwa bidhaa, ilipigwa dukani mbele ya mteja kabla hajatoa senti zake.

Sasa tuilinganishe milango yenyewe.

KARATASI

Maple Leaf Rag ilichapwa na John Stark huko Sedalia, Missouri, 1899. Mkataba wake na Scott Joplin ni wa tarehe 10 Agosti mwaka huo, na Joplin alikubaliwa senti 1 kwa kila nakala itakayouzwa wakati bei ya dukani ilikuwa senti 50. Unaweza kuona senti 1 ni dhulma, lakini mtunzi mweusi wa wakati ule mara nyingi alikuwa analipwa hela ya mara moja, dola chache, anaondoka na wimbo si wake tena, kwahiyo mkataba ule ulikuwa heshima kubwa, na ndo uliomfanya Joplin apate kahela ka uhakika kidogo kidogo maisha yake yote yaliyobaki.

Ukiifungua ile karatasi, mwanzo kabisa juu ya mistari imeandikwa Tempo di marcia, yaani mwendo wa kutembea kwa maandamano, si mbio. Kuna flati nne. Mkono wa kushoto unafanya kazi moja tu kwa uaminifu, besi chini, kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) juu, besi, kodi, kama mtu anayetembea. Mkono wa kulia ndo mtukutu, unaanguka kabla ya hatua au baada ya hatua, mara nyingi hauangukii pale mguu ulipo, na utamu wote wa ragtime uko kwenye ugomvi huo wa mikono miwili. Ndani ya sehemu ya kwanza kuna mahali ule mwendo wa besi na kodi unasimama ghafla, mikono inapokezana nota kutoka chini ya kinanda mpaka juu kama mtu anapanda ngazi gizani, sauti inageuka ya huzuni kidogo, alafu mwanga unarudi. Hicho kipande kwenye sahani nyingi kinapita kama upepo. Kwenye karatasi unakiona, unakaa nacho, unajua aliyekiandika alikuwa anafikiri.

Na mtunzi mwenyewe anaongea na wewe. Joplin alikuwa anachapisha onyo kwenye karatasi zake kwamba usipige haraka, kupiga ragtime haraka si sahihi kamwe. Mwaka 1908 akatoa kitabu kidogo cha mazoezi sita, School of Ragtime, anamfundisha mtu hatua kwa hatua jinsi ya kugawa biti. Hakuna roli wala sahani itakayokuambia hivo.

Ila karatasi ina shida zake na sitazificha. Kwanza lazima ujue nota za mistari, na kwetu huku wengi tuliokulia kwaya tunasoma sol-fa, do re mi kwenye karatasi ya kutoa kopi, mistari mitano tunaiona kama miiba. Pili inataka mkono unaofika okteva bila kuhangaika. Tatu, nyimbo za kuimba za Tin Pan Alley (hizi naziweka tofauti na rag za piano) zilirahisishwa makusudi ili binti wa nyumbani mwenye mwaka mmoja wa masomo aweze kuzipiga, kwahiyo ukizipiga zilivyoandikwa zinasikika kavu. Waimbaji wa jukwaani walikuwa wanaongeza mambo ambayo karatasi haina. Na nne, hili lazima niliseme waziwazi, magamba ya nyimbo nyingi za kipindi kile yana picha za watu weusi zilizochorwa kwa dharau, na maneno ndani ni hivohivo. Ukipakua kwenye maktaba za mtandaoni utakutana nazo. Rag za piano zisizo na maneno zinakuepusha na sehemu kubwa ya hayo, ni sababu nyingine nazipendelea.

Bei kwa leo: bure. Maple Leaf na wenzake haki zake ziliisha zamani, unazipata IMSLP (maktaba ya nota ya mtandaoni) au kwenye mkusanyo wa Lester Levy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, unachapa mwenyewe kwa bei ya karatasi.

ROLI

Hii wengi hawajawahi kuiona kwa macho kwahiyo nielezee. Ni karatasi ndefu imezungushwa kwenye kijiti, imetobolewa matundu. Unaifunga mbele ya piano, unakaa, unakanyaga pedali mbili kwa miguu kama cherehani, pedali zinavuta hewa. Karatasi inapita juu ya upau wa shaba wenye vitundu vilivyopangwa mstari, tundu la karatasi likifika juu ya kitundu cha shaba hewa inaingia, kimfuko kidogo kinajikunja, nyundo inapiga waya. Tundu fupi, nota fupi. Tundu refu, nota inashikwa. Ukiacha kukanyaga muziki unakata pumzi na kufa.

Edwin Votey ndo alitengeneza Pianola miaka ya 1890, kampuni ya Aeolian ikaiuza kwa dola 250, na mwanzoni ilikuwa sanduku la kusogeza mbele ya piano yako, baadaye wakaiingiza ndani kabisa ya piano. Kila kampuni ilikuwa na saizi yake ya roli mpaka watengenezaji walipokutana Buffalo, New York, 1908 wakakubaliana roli ya nota 88 iwe na upana mmoja, kuanzia hapo roli ya kampuni hii ikaweza kuingia kwenye piano ya kampuni ile. Wanaojua mambo ya chaja za simu wataelewa ukubwa wa jambo hilo.

Na kulikuwa na kesi. Wachapaji wa nyimbo waliona roli zinauzwa kwa maelfu na wao hawapati hata senti, wakaenda mahakamani, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwenye kesi ya White-Smith na Apollo kwamba roli si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kuisoma kwa macho. Bunge likarekebisha mwaka uliofuata, 1909, sheria mpya ikaweka senti 2 kwa kila roli au sahani. Mpangilio ule wa kulipia kila nakala kwa kiwango cha sheria ndo ulizaa malipo ambayo watunzi wa Marekani wanayategemea mpaka leo.

Uzuri wa roli ni kwamba ni piano halisi inayolia chumbani, si rekodi ya mikwaruzo. Ubaya wake ni kwamba watu wanaiamini kupita kiasi. Wanasikia "roli ya Joplin mwenyewe, 1916" wanadhani huyo ni Joplin amekaa pale. Subiri kidogo. Roli nyingi hazikupigwa na mtu kabisa, fundi alikaa na karatasi ya nota na rula akatoboa, ndo maana unasikia mikono kama mitatu au minne. Zile zilizopigwa na mtu nazo zilipita mikononi mwa mhariri, makosa yanazibwa, nota zinaongezwa. Joplin kweli alipiga roli chache mwaka 1916, Maple Leaf ipo mara mbili, moja ya kampuni ya Connorized na nyingine ya Uni-Record. Ile ya Connorized ina mapambo kwenye mkono wa kushoto ambayo hayamo kwenye karatasi ya 1899. Ile ya Uni-Record inayumba, biti zinakosana, inauma kuisikiliza ukijua kwamba alikuwa mgonjwa sana na tarehe 1 Aprili 1917 alifariki. Hakuacha rekodi ya sauti hata moja. Kwahiyo zile roli ndo mguso pekee wa vidole vyake tulio nao, na hata huo umepita kwenye mikono ya wengine na wakati vidole vimechoka. Mimi nazisikiliza kwa heshima lakini siwezi kumwambia mtu ajifunzie hapo.

Alafu spidi. Mwanzo wa roli kuna namba, mfano 70, maana yake karatasi itembee futi 7 kwa dakika. Mwenye piano alikuwa na kijiti cha kuongeza au kupunguza, na wengi walipenda kuongeza. Mtu anayerekodi roli leo akaweka mtandaoni naye anaamua mwenyewe. Ukiona rag inakwenda kasi ya kutisha kwenye video ya piano inayojipiga, usimlaumu mtunzi.

Kama unataka roli moja tu ya kuanzia chukua Charleston Rag ya mpiga piano Eubie Blake ya mwaka 1917, kijana mzima mwenye nguvu zake, na Blake aliishi mpaka 1983 kwahiyo unaweza kuilinganisha na rekodi zake za uzeeni ukasikia kipi ni chake na kipi ni cha mashine. Na kama nyumbani mnapenda kuimba, kuna roli zenye maneno yaliyochapwa pembeni ambayo unayasoma kutoka chini kwenda juu kwa sababu karatasi inashuka, familia nzima inasimama mbele ya piano inaimba. Ni karaoke kabisa ya miaka mia iliyopita.

SAHANI

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kabla ya 1925 hakukuwa na maikrofoni ya kurekodia, ilikuwa unaimbia au unapigia ndani ya pembe kubwa, sauti inatikisa kiwambo, sindano inachora nta. Pembe ile ilipenda sauti zenye makali, banjo, tarumbeta, mwanaume mwenye koo pana. Piano haikuipenda, ilitoka kama mtu anagonga sufuria chumba cha pili. Matokeo yake ni jambo la kusikitisha sana, kwamba muziki uliotungwa kwa piano katika miaka yake yote ya utukufu karibu haukurekodiwa kwa piano. Maple Leaf ya mwaka 1906 ni bendi ya wanamaji wa Marekani. Ya 1907 ni Vess Ossman na banjo yake. Mpaka 1912 ndo unampata Mike Bernard kwenye sahani za kampuni ya Columbia anapiga ragtime kwa piano peke yake, tena kwa kasi ya mashindano.

Muda nao ulikuwa mdogo, sahani ya inchi 10 inachukua dakika 3 hivi, silinda za mwanzo dakika 2 tu, na rag kamili yenye sehemu nne na marudio yake haiingii humo bila kukatwa au kukimbizwa. Kwahiyo ule ukimbiaji unaousikia mara nyingi ni nafasi kwenye nta, si muziki wenyewe.

Lakini kwa nyimbo za kuimba sahani haina mpinzani, hapo naivulia kofia. Ukitaka kujua Alexander's Ragtime Band ya Irving Berlin ya 1911 iliwafanyia nini watu, karatasi haitakuambia, na tukiwa wakweli kwenye karatasi si ragtime sana, ni machi yenye chembe chache za kuruka biti. Msikilize Arthur Collins na Byron Harlan walivyoiimba mwaka huohuo, kelele zile za kuitana, utaelewa kwanini ilivuka bahari. Bert Williams na George Walker walirekodi kwenye kampuni ya Victor mwaka 1901, hao ni waigizaji weusi wenye majina makubwa, na sauti ya Williams hata kwenye mikwaruzo ile ina uchovu na akili ndani yake ambayo hakuna mchapaji angeweza kuiandika. James Reese Europe na bendi yake, 1913, hao nenda moja kwa moja, ngoma zinakimbia mpaka chumba kinatikisika, unasikia ragtime inageuka kitu kingine mbele yako.

Rekodi zote za kabla ya 1923 haki zake Marekani ziliisha tarehe 1 Januari 2022. Unazipata bure National Jukebox ya Library of Congress (maktaba ya bunge la Marekani) na kwenye mkusanyo wa silinda wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Tahadhari ileile ya maneno ya dharau inahusu hapa pia, tena zaidi, kwa sababu unayasikia yakiimbwa kwa furaha. Kama kuna watoto nyumbani sikiliza kwanza mwenyewe.

SASA UCHUKUE IPI

Kama unapiga kinanda, hata kile cha kanisani cha oktava tano, chukua karatasi na usiguse kingine kwa mwezi mzima. Kama unasoma sol-fa tu, bado chukua karatasi, iweke mbele huku unasikiliza mtu anayepiga taratibu (mpiga piano Joshua Rifkin alirekodi albamu nzima 1970 kwa mwendo anaoutaka Joplin), fuata kwa kidole, utashangaa wiki ya pili macho yako yanajua wapi mkono wa kulia unaruka biti hata kama huwezi kutaja jina la nota.

Kama wewe ni mtu wa kuimba au unafundisha historia ya Marekani, anza na sahani, karatasi ifuate. Huko ndo kuna watu wenyewe, uzuri wao na ubaya wa zama zao.

Roli nampa mtu wa mashine, fundi, anayependa kujua kitu kinafanyaje kazi, na nampa pia mtu ambaye tayari anaijua Maple Leaf kwa karatasi, kwa sababu huyo ndo atasikia kilichoongezwa. Kwa anayeanza roli inachanganya.

Na kuna rekodi moja ambayo si ya milango hii mitatu ila ukishachagua itafute: mpiga piano Jelly Roll Morton mwaka 1938, Library of Congress, anaipiga Maple Leaf kwanza kwa mtindo wa Missouri alafu kwa mtindo wa New Orleans, anaeleza tofauti. Ni ulinganisho bora kuliko huu wangu na unafanywa na mtu aliyekuwepo.

Kwa anayeshika karatasi leo hii, usianze na Maple Leaf, flati nne na zile ngazi za gizani zitakukatisha tamaa. Anza na The Entertainer ya 1902, iko kwenye do ya C, haina flati wala shapu mwanzoni. Mkono wa kushoto peke yake siku tatu nzima, besi, kodi, besi, kodi, mpaka uweze kuongea na mtu huku unaupiga. Ndo mkono wa kulia uingie, taratibu, sehemu ya kwanza tu.